Mwanaidi, usiidharau modemu

Tanga, 14 Mei

Mpwa wangu mpendwa Mwanaidi,

Bibi yako anaendelea vizuri, goti limempoa tangu mvua zilipopungua, na kila simu ikilia anauliza kama ni wewe. Tumefurahi wote kusikia kwamba umeanza muhula salama.

Mama yako alinisomea ujumbe wako wa juzi. Unasema mhadhiri wenu amewapangia mada nzima ya modemu na mawasiliano ya data kwenye laini za simu ya mezani, na wenzako wanauliza kwa nini wasomeshwe kitu kilichokwisha kufa wakati dunia imeshafika 5G. Ukaongeza kuwa utakariri tu upite mtihani. Neno hilo la kukariri ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Nimekuwa fundi simu maisha yangu yote ya ajira, nimepanda nguzo na kufungua makabati ya mtaani, na modemu nimezijua tangu zilipoanza kuingia katika ofisi za hapa kwetu. Nisikilize kwa utulivu, mwanangu, maana ndani ya mada hiyo ndimo ulimo msingi wa kazi unayotaka kuifanya.

Anza na waya wenyewe. Simu ya mezani iliunganishwa na kituo cha simu kwa jozi ya nyaya za shaba. Zilitoka ukutani, zikapanda nguzoni, zikashukia kwenye kabati la mtaani, kisha zikaingia ardhini ndani ya kebo nene yenye mamia ya jozi nyingine. Betri za kituoni zilitia volti 48 kwenye jozi hiyo. Mfumo wote ulijengwa kwa ajili ya kubeba sauti ya mtu, na wahandisi walijua kuwa maneno yanaeleweka hata ukiondoa sauti nzito sana na nyembamba sana. Wakabakiza masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400, ili simu nyingi ziweze kupita pamoja kwenye njia kuu za kati ya miji. Kompyuta, kwa upande wake, inazungumza kwa moja na sifuri, yaani volti inayopanda na kushuka. Ukiyaingiza mapigo hayo kama yalivyo kwenye mtandao wa simu, hayafiki. Modemu ikaja kuyageuza kuwa sauti upande mmoja, na kuirudisha sauti hiyo kuwa moja na sifuri upande wa pili.

Tazama modemu ya Bell 103, iliyotoka Marekani mwaka 1962. Upande uliopiga simu ulitumia hezi 1,270 kusema moja na hezi 1,070 kusema sifuri. Upande uliopokea ulitumia hezi 2,225 na 2,025. Kila mmoja alikuwa na eneo lake la sauti, kwa hiyo wote wawili waliweza kusema kwa wakati mmoja bila kugongana. Kasi yake ilikuwa biti 300 kwa sekunde, sawa na herufi 30 hivi. Ukurasa mmoja wa barua hii ungechukua zaidi ya dakika nzima kupita.

Hapo ndipo swali lenyewe linapoanza. Waya ni uleule, masafa ni yaleyale: utapitishaje zaidi? Mfikirie mpiga ngoma anayepeleka habari ng'ambo ya bonde. Mikono yake ina kikomo, na akizidisha kasi mapigo yanachanganyikana. Lakini anaweza kulifanya kila pigo libebe habari zaidi: zito au jepesi, la katikati ya ngozi au la pembeni. Mapigo ya aina mbili yanabeba biti moja kila pigo. Ya aina nne, biti mbili. Ya aina kumi na sita, biti nne. Tatizo ni upepo. Aina zikiongezeka zinakaribiana, na upepo kidogo tu unamfanya msikilizaji alichukue pigo hili kuwa lile.

Modemu ilifanya hivyo hivyo, kwa kubadilisha ukubwa wa wimbi na mahali wimbi linapoanzia. Kiwango cha V.22bis cha mwaka 1984 kilipeleka ishara 600 kwa sekunde, kila ishara ikiwa na biti nne, ukapata biti 2,400. Kiwango cha V.32, cha mwaka huohuo, kilipeleka ishara 2,400 za biti nne, ukapata 9,600. Na hapo pande zote mbili zilitumia masafa yaleyale kwa wakati mmoja. Iliwezekanaje? Laini ya simu ina mwangwi: sehemu ya sauti unayoituma inakurudia. Modemu hizo zilianza kwa kujisikiliza zenyewe. Kila moja ilipata zamu ya kusema peke yake, ikapima mwangwi wake unavyorudi, kisha ikawa inautoa mwangwi huo kwenye kila inachosikia. Kinachobaki ndiyo sauti ya mwenzake.

Kuhusu upepo wa bondeni, ambao kwenye laini ni kelele, mtafiti wa IBM huko Zurich, Gottfried Ungerboeck, alipata dawa iliyowashangaza wengi alipoichapisha mwaka 1982. Aliongeza biti ya tano isiyobeba data yoyote. Aina za ishara zikapanda kutoka 16 hadi 32, zikakaribiana zaidi, jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni hasara. Lakini mfuatano wa ishara uliwekewa sheria: baada ya ishara fulani, ni baadhi tu zinazoruhusiwa kufuata. Mpokeaji haamui kwa ishara moja moja. Anaangalia mlolongo mzima na kuchagua ule unaowezekana. Kosa linajifichua lenyewe. Mwanaidi, hilo uliandike kwenye daftari lako kwa wino mwekundu: kutumia sehemu ya nafasi yako finyu kwa ajili ya uhakika kunaweza kukuongezea kasi.

Kikomo chenyewe kilikuwa kinajulikana. Mwaka 1948 Claude Shannon wa Bell Labs alithibitisha kwa hesabu kwamba kila njia ya mawasiliano ina mwisho wake, na mwisho huo unatokana na mambo mawili: upana wa masafa, na nguvu ya ishara ukiilinganisha na kelele. Chukua kikokotoo uifanye mwenyewe. Laini yetu ina upana wa hezi 3,100. Ishara ikiwa na nguvu mara 1,000 ya kelele, chukua logi ya 1,001 kwa kizio cha 2. Ni karibu 9.97. Zidisha kwa 3,100, unapata biti kama 30,900 kwa sekunde. Kelele ikizidi hadi ishara iwe mara 100 tu, unashuka hadi biti kama 20,600. Zaidi ya hapo hakuna ujanja. Lakini Shannon alionyesha pia kuwa ukikaa chini ya kikomo, unaweza kupunguza makosa kadiri utakavyo, mradi ujue kuzipanga ishara zako. Iliwachukua wahandisi miaka zaidi ya arobaini kufika karibu na mwisho huo. Kiwango cha V.34 kilitoka mwaka 1994 na biti 28,800, na mwaka 1996 kikafikishwa 33,600 kwa laini zilizo safi kabisa. Kutoka 300 hadi 33,600, juu ya shaba ileile, bila kuchimba mtaro hata mmoja!

Bila shaka umewahi kusikia kwenye filamu za zamani zile sauti za modemu, mlio mrefu na kisha kukwaruza. Watu wanadhani ni makelele tu. Mimi nilijifunza kuzisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Kwanza upande uliopokea unatoa mlio wa hezi 2,100, ambao kila baada ya muda mfupi sana unageuzwa kichwa chini miguu juu. Mgeuzo huo ni amri kwa mitambo ya njiani inayozuia mwangwi wa sauti za watu: zimeni kazi yenu, hii ni data. Kisha modemu zinaambiana viwango zinavyovijua na kuchagua kilicho bora kwa wote wawili. Halafu linakuja jambo ninalolipenda kuliko yote. Katika V.34 kila upande unatuma milio 21 kwa pamoja, kuanzia hezi 150 hadi 3,750, na mwenzake anapima kila mlio umefika na nguvu kiasi gani na umeharibika wapi. Kwa sekunde chache mashine mbili zinachora ramani ya laini hiyo, kwa simu hiyo, kwa saa hiyo. Kutokana na ramani zinachagua zitumie masafa yapi, ishara ngapi kwa sekunde, na biti ngapi kwa kila ishara. Ndipo data inapoanza kupita. Na laini ikiharibika katikati ya mazungumzo, zinasimama kidogo, zinapimana upya, na kuteremka ngazi moja ya biti 2,400 au zaidi. Hazikati simu ila zikishindwa kabisa.

Kuna masika fulani ambayo siyasahau. Hospitali moja nje ya mji ilikuwa ikituma taarifa zake jioni kwa modemu ya kiwango cha biti 14,400. Mvua zilipokolea wakatuita, wakasema modemu imekufa. Nilipofika niliiona ikiunganisha, na kwenye skrini ikaandika biti 4,800. Nikaunga simu yangu ya kupimia kwenye jozi yao nikasikia mkwaruzo mzito, na kipimo kikaonyesha umeme unavuja kati ya waya na waya. Tulifuata njia hadi kwenye shimo la kebo kando ya barabara, tukalikuta limejaa maji na jointi imelowa chapachapa. Tukayachota maji, tukaikata jointi ya zamani, tukaunga upya waya kwa waya na kuiziba vizuri. Jioni ile modemu ikapanda tena hadi 14,400. Lakini nililomwambia mganga wa hospitali siku ile ndilo ninalokuambia wewe leo: modemu yao ilikuwa nzima muda wote. Ilipima laini iliyolowa, ikakubali kile laini inachoweza, na taarifa za wagonjwa zikaendelea kufika kwa wiki zote zile, polepole lakini bila herufi kukosewa.

Na usidhani uvumilivu huo ulikuwa wa mashine peke yake. Programu zilizotembea juu ya modemu nazo zilitungwa na watu walioijua laini mbovu. Ward Christensen wa Chicago alitunga Xmodem mwaka 1977: faili linakatwa vipande vya baiti 128, kila kipande kinafuatana na namba ya ukaguzi, na kisichofika sawasawa kinatumwa tena. Mwaka 1986 Chuck Forsberg akaleta Zmodem, ambayo simu ikikatika inaendelea pale ilipoishia badala ya kuanza mwanzo. Kwa watu waliolipia simu kwa dakika, jambo hilo lilikuwa ukombozi.

Ndivyo hata barua pepe ilivyoanza kuenea Afrika Mashariki. Mwaka 1984 Tom Jennings wa Marekani alianzisha FidoNet, mtandao wa kompyuta zinazopigiana simu usiku, gharama ikiwa chini, na kubadilishana barua kwa mafungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kituo cha Environment Liaison Centre International jijini Nairobi kiliendesha nodi ya FidoNet, na barua zikasafiri kwa simu hadi GreenNet ya London, ambako ziliingizwa kwenye mtandao mpana wa dunia. Mtu aliandika barua mchana, kompyuta ikaipanga foleni na kuibana, kisha simu moja fupi ikabeba barua za watu wote na kurudi na za kwao. Watafiti, madaktari na mashirika ya eneo hili waliwasiliana na dunia kwa namna hiyo miaka mingi kabla mkonga wa SEACOM haujafika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009. Hawakungoja njia ipanuke ndipo waanze kazi.

Baadaye modemu za V.90, za mwaka 1998, zilifika biti 56,000. Siri yake ni hii: kituo cha kisasa hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na mtoa huduma wa intaneti alikuwa tayari ameunganishwa na kituo kwa njia ya dijitali. Upande wake haukuwa na sauti ya kugeuzwa kuwa namba, kwa hiyo kelele inayozaliwa katika ugeuzaji huo ikaondoka. Biti saba mara 8,000, ndiyo 56,000. Kupakia kulibaki 33,600, kwa sababu wewe wa nyumbani bado ulikuwa unatuma sauti. Kisha ikaja ADSL, ikaonyesha kuwa ufinyu haukuwa wa shaba yenyewe. Ilitumia masafa yaliyo juu ya sauti ya mtu, hadi hezi milioni 1.1, ikayagawa kwenye njia ndogo 256, na kila njia ndogo ikapimwa na kupewa biti kulingana na kelele yake. Kasi ikafika megabiti 8 kwa sekunde kwa nyumba zilizo karibu na kituo. Waya ni uleule niliokuwa naupandia nguzoni.

Sasa niambie ni wapi mambo haya yalikokufa. Simu yako ya 4G inabadilisha ukubwa na mwanzo wa wimbi kama ilivyofanya V.22bis, ila kwa ishara za aina 64 au 256. Inapima hewa kila wakati na kumwambia mnara itumiwe biti ngapi, na ndiyo maana ukiingia ndani ya jengo la zege kasi inashuka kabla mawasiliano hayajakatika. Hata lugha imebaki. Mwaka 1981 Dennis Hayes na Dale Heatherington walitoa Smartmodem, iliyopokea amri kutoka kwenye kompyuta zikianza na herufi AT. Zile bodi ndogo za modemu za kuwekea laini ya simu mnazozitumia maabara zinapokea amri zinazoanza na herufi hizohizo mpaka leo.

Tena angalia njia finyu zilivyobeba uchumi wa watu wetu. Ujumbe mfupi ni herufi 160 kwa sababu ulipewa nafasi ya baiti 140 katika njia ambayo mitambo ya simu inaitumia kupeana maelekezo. Herufi 160 za biti saba zinajaa humo barabara. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuja kwetu mwaka 2008, haikungoja kila mtu awe na simu janja na bando. Ilipita kwenye njia hizo nyembamba, kwa ujumbe mfupi na kwa namba za nyota na reli, na mama muuza samaki mwenye kitochi akaweza kutuma ada ya mtoto. Waliotunga huduma ile waliwaza kama watu wa modemu: waliangalia laini ya mtu wa kawaida inaweza nini, wakaanzia hapo.

Hili ndilo ninalotaka ulishike, Mwanaidi. Mhandisi hupimwa kwa anachokifanya na njia mbaya. Njia nzuri inamsitiri hata mzembe. Mama yako ameniambia unatengeneza programu ya kuwapa wakulima wa mboga wa Lushoto bei za sokoni. Nimefurahi mno. Lakini Lushoto kuna mabonde, na kuna vijiji ambavyo mtandao unashika ukisimama upande mmoja wa nyumba na kupotea upande mwingine. Programu yako ikipakua picha nzito kabla ya kuonyesha bei ya karoti, mkulima ataifungua mara moja na asiifungue tena. Tanguliza maandishi. Hifadhi bei za jana kwenye simu yake ili asikose kitu mtandao ukizima. Ukikatika katikati, endelea ulipoishia. Na mtandao ukiwa dhaifu, punguza mzigo kimyakimya, usimtupie mtu ujumbe wa kosa.

Kwa hiyo mada hiyo usiikariri. Nenda maabara, chukua bodi yenye laini, andika AT, subiri ikujibu OK. Kisha andika AT+CSQ, itakupa namba ya nguvu ya mawimbi kati ya 0 na 31. Iandike ukiwa dirishani, iandike ukiwa ndani, iandike ukiwa chini ya ngazi, na kila mahali jaribu programu yako uone inafanya nini. Mhadhiri wenu ukimpelekea jedwali hilo atajua una nia. Na likizo ukija, tutapanda wote Lushoto tukaijaribu mikononi mwa wakulima wenyewe. Nauli ni juu yangu.

Bibi anakusalimu na anasema usikae na njaa kwa sababu ya kompyuta. Wasalimie wenzako, uwape barua hii waisome kama watapenda.

Wasalaam,
Mjomba wako